Chanjo ya mbwa na paka: kampeni ya bure, kliniki, au sindano ya dukani?

Kwa mfugaji wa Tanzania au Kenya, njia za kumchanja mbwa au paka ni tatu. Kuna siku ya chanjo ya bure inayotangazwa mtaani au kijijini. Kuna kliniki ya mifugo, au daktari anayefika nyumbani. Halafu kuna duka la dawa za mifugo, ambako unauziwa kichupa na bomba la sindano ukachome mwenyewe. Wengi huzilinganisha kwa bei tu, na hapo ndipo mnyama anapoponzwa, kwa sababu njia hizi hazitoi kitu kimoja. Ya kwanza hukinga ugonjwa mmoja. Ya pili inaweza kukinga matano au sita. Ya tatu inaweza isikinge chochote, ingawa sindano imeingia na pesa imetoka.

Msimamo wangu niuweke mapema. Kwa kichaa cha mbwa, nenda kwenye kampeni bila kusita. Kwa parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, nenda kliniki hata kama itabidi ujibane. Dukani nunua dawa ya minyoo, chanjo iache.

Siku ya chanjo ya bure

Tangazo hutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, gari lenye kipaza sauti hupita jioni, na kesho yake watoto wanafika uwanja wa shule wakivuta mbwa kwa kamba za katani. Afisa mifugo anatoa kichupa kwenye boksi la barafu, mwenye mbwa anamshika mbwa wake kichwa, sindano inaingia, mbwa anatiwa alama ya rangi au utepe shingoni, kadi inaandikwa. Kwa mbwa mmoja ni kazi ya dakika chache.

Kinachotolewa pale ni chanjo ya kichaa peke yake, lakini huo ndio ugonjwa usio na nafasi ya pili. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka, sehemu kubwa vikiwa Afrika na Asia. Wagonjwa 99 katika kila 100 wanakuwa wameupata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo mbwa anapochanjwa kichaa, anayelindwa zaidi ni mtoto wa nyumba hiyo na wa nyumba ya jirani.

Hapo ndipo kampeni inapoishinda kliniki. Ukimpeleka mbwa wako peke yake kwa daktari, umemlinda yeye. Mtaa mzima ukipeleka mbwa wake siku moja, wakachanjwa angalau 70 kati ya 100, virusi hukosa pa kupita na hata asiyechanjwa hufaidika. Pemba wameliona hili. Chanjo za kisiwa kizima ziliukata ugonjwa mwaka 2014. Virusi vikaingizwa tena kutoka nje mwaka 2016, kampeni zikarudishwa kwa nguvu, na kufikia mwisho wa 2018 vilikuwa vimeng'olewa tena. Kliniki binafsi, hata ziwe nzuri kiasi gani, hazina uwezo wa kufanya kazi ya namna hiyo.

Udhaifu wa kampeni ni kwamba huipangi wewe. Mwaka mwingine inachelewa, mwingine haifiki kabisa kwenye kata yenu. Pia uwanja ule hukusanya mbwa wengi ambao hawajawahi kuchanjwa chochote kingine, na parvo hupenda mikusanyiko kama hiyo. Je, umwache mtoto wa mbwa nyumbani? Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wote wachanjwe kwenye kampeni, hata wa chini ya miezi mitatu. Mbebe kwenye beseni au ndoo, asikanyage chini wala kunusa mavi ya wenzake, achomwe, mrudi. Akishatimiza miezi mitatu arudiwe, na tena baada ya mwaka.

Mbwa jike mwenye mimba naye anaweza kuchanjwa kichaa, kwa kuwa chanjo inayotumika ina virusi vilivyouawa. Usimrudishe nyumbani kwa hofu ya kuharibu mimba.

Kliniki

Huku ndiko unakopata chanjo ya mchanganyiko, ile madaktari wanayoiita kwa herufi DHPP, au DHLPP ikiwa na lepto ndani, ule ugonjwa wa mkojo wa panya. Hukinga distempa, homa ya ini ya mbwa, parvo na kikohozi cha parainfluenza. Distempa si jina la vitabuni tu kwetu. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilifanana na vya mbwa wa vijiji vya jirani.

Chunguza jinsi daktari anavyofanya kazi, maana hapo utajua kama umepata ulichokilipia. Hutoa vichupa viwili kwenye friji: kimoja kina kidonge kikavu chepesi kilichoganda chini, kingine kina maji. Huvuta maji, huyaingiza kwenye kile kikavu, hutikisa taratibu hadi kiyeyuke chote, kisha huchoma hapohapo. Halafu hubandua karatasi ndogo ya kichupa yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, huibandika kwenye kadi na kutia sahihi. Kabla ya yote atakuwa amempima joto na kutazama fizi na macho. Akikuta homa, atakwambia urudi siku nyingine. Usimwone msumbufu: mnyama anayeumwa hapokei chanjo vizuri.

Swali linalowachosha wengi ni hili: kwa nini mtoto wa mbwa achomwe mara tatu au nne? Wengine hudhani ni njia ya kuwatoa pesa. Sababu ni maziwa ya mama. Katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, mtoto hunyonya kinga ya mama yake, na kinga hiyo hukaa mwilini wiki kadhaa. Ikiwa bado ina nguvu, huishambulia chanjo kama inavyoushambulia ugonjwa, na chanjo hufa bila kumfundisha mtoto chochote. Ikishapungua, mtoto yuko wazi. Shida ni kwamba haiishi siku moja kwa wote. Mmoja huishiwa akiwa na wiki 8, ndugu yake wa tumbo moja akiwa na wiki 14, na kwa kumtazama tu huwezi kujua. Ndiyo maana huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho lazima iangukie wiki ya 16 au baada yake.

Hiyo ya wiki ya 16 ndiyo watu wanayoiruka. Wamechoma mbili, mbwa anacheza, kadi ina stika, wanaona yametosha. Miezi miwili baadaye mtoto anaharisha damu yenye harufu kali na familia inasema chanjo ni ya uongo. Kama una pesa ya dozi moja tu ya mchanganyiko, basi Chama cha Kimataifa cha Madaktari wa Wanyama Wadogo, WSAVA, kinashauri hiyo moja itolewe katika wiki ya 16 au baadaye. Kabla ya hapo mfungie ndani ya uzio na asikutane na mbwa wageni. Ukiweza zote, ongeza nyingine akifika miezi 6, usisubiri mwaka.

Ukipiga hesabu, usilinganishe bei ya dozi na sifuri. Linganisha na dripu za siku nne au tano, dawa za kuzuia kutapika, mtu wa kukesha, na bado mtoto anaweza kufa. Virusi vya parvo navyo hubaki ardhini kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka, kwa hiyo banda alimofia mmoja humngoja anayefuata. Sabuni ya kawaida haiviui. Osha uchafu wote kwanza, kisha mwagia Jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache ikae dakika kumi.

Kwa mwenye mpango wa kuhama na mnyama wake, kliniki ndiyo njia pekee. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mnyama anayetoka Kenya au Tanzania, hutaka awekwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza, achanjwe kichaa baada ya chipu, atolewe damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo ili kupima kinga, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu itolewe. Anza maandalizi nusu mwaka kabla ya tiketi.

Sindano ya dukani

Naelewa kwa nini watu hukimbilia huku. Daktari yuko mjini, nauli ni kubwa, na muuza duka ni jirani. Lakini chanjo ya mchanganyiko ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi mkononi mwa mchomaji. Umeme ukikatika duka zima mchana kutwa, ukabeba kichupa mfukoni kwenye bodaboda, kikakaa mezani wakati unamtafuta wa kumshika mbwa, utachoma maji. Rangi haibadiliki, harufu haibadiliki. Chanjo ya kichaa huvumilia zaidi. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha aina moja ilibaki na nguvu miezi 6 kwenye nyuzi 25 na miezi 3 kwenye nyuzi 30. Huo ni msaada mkubwa kwa kampeni za vijijini, wala si ruhusa ya kuweka chanjo ya parvo kabatini.

Kuna mambo mengine mawili. Mara chache mnyama huvimba uso au kuzimia dakika chache baada ya sindano. Kliniki ina dawa ya kumwamsha, wewe huna. Pili, sindano yako haina sahihi. Mbwa akimng'ata mtu, kadi isiyo na mtaalamu aliyesajiliwa haitakusaidia mbele ya afisa mifugo wala ya mwenye jeraha.

Kama kliniki iko mbali kweli, kuna njia bora kuliko duka. Kichupa cha chanjo ya kichaa mara nyingi huwa na dozi 10. Ongea na majirani, pateni mbwa na paka kumi, mwiteni afisa mifugo wa kata siku moja, mgawane gharama ya usafiri. Hata ya mchanganyiko anaweza kuja nayo kwenye boksi la barafu mkimpa taarifa mapema.

Mbwa mzima: kila mwaka au kila miaka mitatu?

Hapa kuna pesa inayotumika vibaya. Mbwa aliyekamilisha dozi za utotoni na ile ya nyongeza, kinga yake ya distempa, parvo na homa ya ini hukaa miaka, na miongozo ya WSAVA haitaki zirudiwe mara nyingi zaidi ya kila miaka mitatu. Kichaa hufuata kilichoandikwa kwenye chanjo husika na sheria ya mahali. Kwetu, kampeni ikija kila mwaka, mpeleke kila mwaka.

Lepto ndiyo inayohitaji kurudiwa kila mwaka, baada ya dozi mbili za mwanzo zilizopishana wiki 2 hadi 4. Watanzania wanaujua ugonjwa huu kwa jina la homa ya mgunda tangu mlipuko wa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Hupita kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, mbwa akiwamo. Mbwa wa shambani, wa karibu na mpunga, ghala au dampo, mpe. Wa ghorofani asiyegusa tope, zungumza na daktari.

Paka

Paka husahauliwa. Mbwa ana kadi, paka ana samaki tu. Lakini paka naye hupata kichaa na hukwaruza na kung'ata watoto, na kampeni nyingi humpokea. Tatizo ni kumfikisha. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, au ndani ya foronya uliyofunga mdomo kwa kamba, kwa sababu paka akiona mbwa thelathini uwanjani hakuna mkono utakaomzuia. Nenda mapema, kabla ya foleni.

Kliniki ina chanjo yake ya mchanganyiko, dhidi ya panleukopenia, ambayo ni ndugu wa parvo na humaliza vitoto vyote vya uzao mmoja, pamoja na virusi viwili vya mafua ya paka. Ratiba inafanana na ya mbwa, hadi wiki ya 16. Kwa paka wa ndani asiyechanganyika na wengine, baada ya dozi za mwanzo kila miaka mitatu inatosha. Anayezurura, au anayeishi na paka wengi, hukumbwa na mafua mara nyingi zaidi, na daktari anaweza kushauri kila mwaka.

Kupe: kuogesha, matone au kidonge?

Pwani na kwenye joto, mbwa wengi hufa kwa kupe kuliko wenye nao wanavyodhani. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta babesia na erlikia: mbwa hakuli, fizi zinapauka, wengine hutoka damu puani. Chanjo zote nilizozitaja hazihusiki na magonjwa haya.

Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, ileile ya josho la ng'ombe, ndiyo rahisi kwa mwenye mbwa wanne watano. Inahitaji kipimo sahihi cha maji, glavu, na kurudia mara kwa mara. Inafaa pia kunyunyizia banda, na hili ni la lazima kwa sababu kupe wengi hawako juu ya mbwa. Wako kwenye nyufa za ukuta na chini ya magunia, wakitaga na kungoja. Ukimwogesha mbwa ukaacha banda, wiki mbili baadaye uko palepale. Watoto wa mbwa wadogo usiwaogeshe nayo.

Matone ya shingoni hudumu kama mwezi, lakini hupungua nguvu mbwa akiogeshwa sana au akiogelea. Kidonge cha kutafuna ni ghali kwa mara moja, hudumu mwezi mmoja hadi mitatu kulingana na aina, na maji hayakigusi. Kwa mbwa mmoja au wawili, mimi ningechagua kidonge na kunyunyizia banda, isipokuwa mbwa mwenye kifafa. Huyo aulizwe daktari kwanza. Oili chafu ya gari, ambayo bado wengi humpaka mbwa, huunguza ngozi na huingia mwilini anapojilamba.

Sasa kwa paka, tafadhali soma hapa mara mbili. Amitrazi ni sumu kwake. Pamethrini, iliyomo kwenye poda na matone mengi ya mbwa, ni sumu kali zaidi: paka hutetemeka, hupatwa na degedege, hufa. Hata kulala na mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumdhuru. Nunua dawa yenye picha ya paka na uzito wake, au usinunue. Na Panadol usimpe kabisa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Minyoo

Duka hapa linatosha, ukijua uzito wa mnyama. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 2, kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Wakubwa kila miezi mitatu. Tafuta dawa yenye prazikwanteli ili iue na tegu, hasa kwa mbwa anayekula mabaki ya machinjio. Ivamektini ya ng'ombe usimkadirie kwa macho.

Pesa ikiwa kidogo

Mtoto wa mbwa wa wiki 7, bajeti finyu: minyoo leo, kichaa kampeni ikija, afungwe uani, na dozi ya mchanganyiko wiki ya 16 kliniki. Ikipatikana pesa ya dozi mbili, ya kwanza wiki ya 12 na ya pili wiki ya 16. Paka wa sokoni anayekula panya: kichaa kwanza, kisha kumfunga kizazi kabla ya chanjo nyingine yoyote ya ziada, maana uzao mmoja wa vitoto visivyo na kinga utakugharimu zaidi. Mbwa mzima wa kienyeji uliyempokea bila kadi: kichaa mara moja, dozi moja ya mchanganyiko, na pesa ya kila mwaka iende kwenye kupe.

Na mbwa yeyote, mwenye kadi au asiye nayo, akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe. Afungwe mahali salama na afisa mifugo apewe taarifa, ili atazamwe siku 10.